Pazia Mbele ya Karai la Mideva

Mimi si mtu wa hasira. Miguu hunitembeza tu, leo Dandora, kesho Kariokor, na nikichoka naketi mahali ninywe chai. Lakini jambo alilofanyiwa Mideva linanichemsha hadi leo.

Mideva, tunayemwita Mama Kate, ni mtu wa Vihiga. Miaka minne alimkatia mboga mpishi Mchina kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Mchina yule akamfundisha chaomeni: chemsha tambi, zichuje, zimwagie maji baridi, ziache zikauke, karai likitoa moshi ndipo utupe kabichi, karoti na yai, na mkono usilale. Kambi ilipofungwa, alimwagiza fundi wa Gikomba amgongee karai lake mwenyewe, akaja kupika katika hoteli ya Mbugua, Kariokor. Alipikia dirishani, watu wakimwona, na wauza ngozi walipanga foleni.

Kisha Mbugua akapaka ukuta rangi nyekundu, akaandika CHAOMENI HALISI YA KICHINA, akaleta na pazia.

"Mama Kate, leo utapikia nyuma ya hili," alisema. "Wageni wakubwa wameanza kuja. Wakikuona na hicho kitambaa chako kichwani, hawataamini."

"Hawataamini nini? Si wanakula?"

"Chakula cha Mchina kinataka sura ya Mchina. Ni biashara tu, mama, usione vibaya."

"Kwa hivyo mkono wangu ni mzuri, uso ndio mbaya?"

Wandera, anayeuza viatu vya akala, vile vya matairi, ng'ambo ya barabara, akadakia kutoka mezani: "Na wewe Mbugua unatuuzia chapati kila siku. Mhindi wako umemficha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mbugua alipanda kiti akaanza kugonga misumari, mbele ya uso wa mwanamke aliyemjazia meza zile! Nikaweka kikombe changu cha chai mezani. Nimeona watu wakijificha kwa sababu ya wizi. Kufichwa kwa sababu ya ujuzi, jamani?

Mideva alizima jiko.

"Mwalimu wangu aliniambia maana ya hilo jina," alisema polepole. "Ni kukaanga tambi, basi. Halisemi nani akaange."

Akafuta karai, akalitia kwapani. "Hili ni langu. Wewe baki na ukuta."

"Njoo upande wangu, Mama Kate," Wandera akamwambia. "Viatu vitasogea."

Nilimbebea mtungi wa mafuta ya kupikia tukavuka. Yeye alikuwa akizunguka na karai lake, akitafuta mahali pa kuwasha moto ambapo upepo hautauzima.