Siku Kumi Nilizoomba Mwenyewe

Sikumpenda yule mama wa Kivietnamu tangu siku ya kwanza tulipowekwa meza moja katika kiwanda cha kufungasha saladi, kule Rexdale, hapa Kanada, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa kusalimia. Mimi nimelelewa kwamba hukai na mwenzako saa nane bila kumuuliza ameamkaje. Yeye aliingia, akavaa glavu, akaanza kazi. Nikasema moyoni, haya, tutaona nani atamhitaji mwenzake.

Nilimhitaji mimi. Mdogo wangu wa pekee, aliyeolewa Brussels, alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yetu alishafariki, na kwetu mzazi aliyetoka kujifungua haachwi peke yake. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto anaogeshwa na mtu wa nyumbani mpaka arobaini itimie. Nilimwahidi nitakuja nimshikie nafasi ya mama. Alilia kwenye simu kwa furaha, nami nikalia.

Nina makaratasi ya kuishi Kanada, lakini pasipoti yangu ni ya Kenya, nayo haiingii Ulaya bila viza. Ya mama yule, ya Vietnam, haiingii vilevile. Binti yake naye alikuwa mjamzito, huko Praha, Ulaya hiyohiyo. Basi tukajikuta saa ya chakula, watu wawili wasiopendana, fomu zilezile mbele yetu.

Mzee mmoja wa kanisa letu, anayejulikana kwa kuwajazia watu fomu, alikuwa ameniambia niombe kwa Wafaransa kwa kuwa hawana maswali mengi, kisha nipande treni hadi kwa mdogo wangu. Mama yule aliposikia aliweka kijiko chini. Akanieleza, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba viza ya muda mfupi ni moja kwa nchi nyingi za kule, lakini unaiomba kwa wale utakaolala kwao siku nyingi zaidi. Ukiwadanganya wakagundua, umejiharibia. Nilienda kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli, na iliniuma kuliko kama angekuwa amekosea.

Kwa hiyo niliomba kwa Wabelgiji. Nilipofika mahali pa kuandika siku nitakazokaa, nikaandika kumi.

Alichungulia. Yeye alikuwa ameandika arobaini na tano, na barua ya binti yake ilieleza kwamba kwao aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima na mama yake ndiye humpikia. Akaniuliza mtoto wa mdogo wangu anatarajiwa lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema kumi hazitoshi, mtoto hasomi kalenda. Wanaruhusu hadi tisini, akasema; andika unazohitaji na ueleze kwa nini.

Nikamjibu kwamba kwetu ukienda kuomba kwa mwenye nacho, huendi na gunia. Mzee wa kanisa naye alikuwa ameshanionya: "Dada, omba kidogo. Ukiomba siku nyingi watashuku unataka kuhamia." Na likizo ya wiki sita nilikuwa nimepewa, kwa maandishi. Barua ya daktari wa mdogo wangu nilikuwa nayo. Hakuna aliyenibana. Mwomba chumvi huombea chungu chake. Methali hiyo naijua tangu utotoni, na bado chungu changu nilikiombea chumvi ya ncha ya kidole.

Wakanipa kumi, sawasawa na nilivyoandika.

Nilitua Brussels siku mbili kabla ya tarehe ya daktari, na pilipili manga tele kwenye begi. Tarehe ikafika, ikapita. Nilimtembeza mdogo wangu kwenye baridi, nikamsugua mgongo, nikaanza kulichukia lile tumbo, Mungu anisamehe. Shemeji alipiga simu ofisi ya uhamiaji kuuliza kama naweza kuongezewa siku. Wakamwambia mimba kuchelewa si dharura.

Siku ya kumi nikapanda ndege. Mtoto, msichana, alizaliwa kesho yake. Aliyemwogesha kwanza ni muuguzi nisiyemjua, na mdogo wangu akarudi nyumbani kwa mume asiyejua hata kukoroga uji.

Mama wa Kivietnamu alirudi kazini wiki kadhaa baadaye, mashavu yamejaa. Kwa mara ya kwanza alinisalimu. Kisha akauliza kama nilimwogesha mtoto. Nikasema hapana.

"Kwa nini hukuomba siku zaidi?"

"Adabu," nikamwambia.

"Adabu kwa nani?"

Nikavuta glavu zangu mpaka kwenye kiwiko. Ningeweza kumpiga na kreti.

Siku ile mtoto alipozaliwa, mdogo wangu aliniuliza kwenye simu, sauti imemkauka: "Dada, hao watu walikunyima siku?"

"Walininyima," nikasema.

Tangu hapo anawalaani kila Jumapili akinipigia. Ukoo mzima unawalaani. Mzee wetu wa fomu alisimama kanisani akawaombea hukumu wanaotenganisha ndugu wa damu moja, na kanisa zima likaitika amina. Yangu ilisikika mpaka mlangoni.

Duniani ni mtu mmoja tu aliyeniona nikiandika kumi kwa mkono wangu. Siku hizi ananisalimu kila asubuhi, anauliza mtoto anaendeleaje, anataka kuona picha. Wiki iliyopita nilimwendea msimamizi wetu nikamwomba anihamishie meza nyingine. Akauliza, kwa muda gani? Nikamwambia, moja kwa moja.