Mboga ya Mgeni

Mama alikuwa na siku ya pili hajala, na mimi hasira zangu huwa haziko mbali. Uji hataki, mtori hataki, hata chai anaisukuma. Homa ilishashuka, daktari alisema kilichobaki ni kula tu. Ndipo akataja mboga ya kwao, Mbulu, kwa jina nisiloweza kuliandika, maana lina sauti ya kooni ambayo herufi za shuleni hazina. Nyumbani kwetu Nangara alilitaja yeye peke yake. Sisi watoto tuliiita majani ya mama, basi.

Bustani yetu ilikuwa imekauka, nikaenda sokoni. Nilipojaribu kulitamka, muuzaji alinitazama kama mtu aliyepaliwa. Nikamweleza: majani mapana, yana vinyweleo, machungu kidogo.

"Si useme mboga ya mgeni!" akadakia bibi wa meza ya pili, jirani yetu wa zamani.

Nikamwamkia, kisha nikamuuliza ni mgeni gani huyo.

"Mama yako, mwanangu. Alipoolewa hapa alikuja na mbegu kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, akatugawia mtaa mzima. Lile jina lake lilitushinda. Sisi tunacheka, yeye kanyamaza. Tukaiita hivyo."

Niliumia. Waliomcheka wenyewe walitoka Kondoa na Singida. Walichomzidi ni kutangulia kufika. Miaka yote hiyo mama alikuwa akisikia mboga yake ikiitwa hivyo, na sisi akatulea kwa Kiswahili kitupu. Nilikuwa nikimlaumu kimoyomoyo kwamba hakujali kutufundisha lugha yake. Kumbe hakutaka na sisi tuchekwe.

Niliipika kwa maziwa, kama anavyopenda. Nikakaa kitandani pake, nikampelekea kijiko. Akafumba mdomo.

"Hii nini?"

"Mboga, mama. Kula."

"Mboga gani?"

Lile jina la sokoni lilikuwa rahisi, lakini nisingeweza kumwambia hilo. Nikasema la kwao, vibaya sana.

"Rudia," akasema, akijigusa kooni kunionyesha sauti inapotoka.

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena na tena, machozi yananitoka, koo linawasha, mboga inapoa.

Mara ya tano akafungua mdomo.