Posa Iliyonipeleka Mikumi

Nilikwenda Mikumi kumchunguza mwanamume. Jabiri, dereva wa watalii, alikuwa ameleta posa kwa mdogo wangu Rehema. Wazazi wetu hawapo. Mimi niliacha shule kidato cha pili nikashika randa kwenye karakana ya useremala ya Manzese, wadogo zangu nimewalea kwa randa hiyo, kwa hiyo jibu la posa lilikuwa langu. Kabla sijajibu, Jabiri akasema niende na Rehema nikaone kazi yake. Mtu anayekaribisha ukaguzi namna hiyo, nikajiambia, ameshafagia uwanja.

Alfajiri, Kibamba. Alitupitia na gari lenye paa la kufunuka, ndani wamo abiria wengine wa mjini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ushemeji bado."

Rehema akageukia dirishani kuficha kicheko.

Kutoka Chalinze hadi Morogoro nilikaa nyuma ya dereva nikimsoma kisogo. Simu yake ililia, akaitupia jicho, akaiacha. Ikalia tena.

"Pokea tu," nikamwambia.

"Nikiendesha sipokeagi, kaka."

Jibu zuri mno. Nikaliweka akiba.

Tuliingia lango la hifadhi jua limeshapanda. Uwanda ulifunguka mbele yetu, nyasi rangi ya mchanga, milima imekaa mbali kuuzunguka. Twiga walitutazama kwa juu kama majirani wanaochungulia ukuta. Swala walikuwa wengi hata abiria wakachoka kuwapiga picha. Mbele kidogo Jabiri akazima injini.

"Chini ya mti ule, kushoto," akasema taratibu. "Msitoe mikono nje."

Nilichodhani ni kichuguu kikatikisa sikio. Simba jike. Kwa muda nikamsahau Jabiri. Kisha nikawaza kwamba mtu anayejua kumwona simba aliyejificha, kujificha mwenyewe hakumshindi.

Mchana tulikula mjini Mikumi, kando ya barabara kuu. Mama mwenye mgahawa alituletea ugali na samaki, akamtazama Jabiri, akacheka.

"Baba Latifa, leo umeleta wakwe?"

Niligeuka haraka nimwone Rehema akishtuka. Alikuwa anachambua miiba ya samaki. Hakuinua hata kichwa.

"Latifa ni nani?" nikauliza.

"Binti yangu," Jabiri akasema. "Yuko Kilosa kwa bibi yake. Mama yake tuliachana."

"Mshenga wako hakumtaja."

Jabiri akamtazama Rehema, na Rehema ndiye aliyejibu.

"Nilimkataza mimi. Kaka, yule wa kwanza ulimkataa kwa sababu ya viatu."

"Vilikuwa vya kuazima."

"Haya. Sasa ningekwambia kuna mtoto, tungefika hapa?"

Nikamega ugali, nikaurudisha kwenye sahani.

Njia ya kurudi inapita tena katikati ya hifadhi. Tembo walikuwa wamesimama karibu na lami na abiria wote wakahamia upande mmoja. Mimi nilikuwa nawaza nyumba moja ya ndugu tulikokaa baada ya kufiwa. Kila mgeni alipobisha hodi tuliambiwa tukacheze nje, asijue tupo. Rehema alikuwa mdogo, hakumbuki. Mimi ule mlango naujua kwa upande wa nje. Miaka yote nimewakagua watu ili asidanganywe, na ukaguzi wangu ndio uliomfundisha kuficha. Aliyewekwa nje safari hii ni mtoto wa Kilosa.

Kibamba tulifika magharibi. Jabiri alishuka, akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Posa nimeikubali," nikamwambia. "Ila siku ya mahari, Latifa aje. Aingie na wakubwa, akae sebuleni."

"Watu watauliza ni nani, kaka."

"Nitawajibu mimi."

Rehema alinishika mkono kama zamani tulipokuwa tunavuka barabara, tukaanza kwenda nyumbani. Jabiri bado namchunguza. Siku hizi namuuliza mwenyewe.