Malkia wa Marehemu Shedrack

Shedrack alikuwa na karibu miezi mitatu kaburini kifurushi chake kilipofika. Watu wa mizigo huwa wa mwisho kupata habari za msiba. Ujumbe uliingia kwenye simu yake saa nne asubuhi, mwezi wa Mei, ukimwarifu kwa heshima zote kwamba bidhaa aliyoagiza imewekwa kwenye kabati la vifurushi chini ya jengo, mlango namba kumi na saba, na kwamba asikawie kuifuata, kwa sababu ni kiumbe hai.

Simu hiyo alikuwa nayo dada yake, Kissa, na aliichaji kila siku. Aliwaambia watu kwamba wateja wa marehemu huenda wakapiga. Hakumwambia mtu habari ya kengele iliyolia humo kila alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini, ikimwamsha mtu aliyekuwa akilala upande wa pili wa pazia. Namba ya kuifungua simu aliijua, na kuizima kengele ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Aliiacha ilie mpaka ichoke yenyewe, ndipo naye anaamka.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na sponji, ndani ya sponji tyubu ya kioo yenye urefu wa kidole, ndani ya tyubu maji yaliyozuiwa kwa pamba, na mbele ya pamba sisimizi mmoja mweusi, mkubwa kuliko ilivyo desturi ya sisimizi. Muuzaji aliandika maelezo marefu, na simu ikayatafsiri kadiri ya uwezo wake. Huyu ndiye malkia aliyeagizwa na kaka wakati wa baridi. Malkia haagizwi kama shati. Husubiriwa mvua za kwanza, maana hapo ndipo wanapotoka kuruka na kupandwa, kisha hukata mbawa zao wenyewe. Wa kwako, muuzaji alisema, ameolewa na amekuwa mjane, yote siku moja. Sasa mweke gizani. Usimpe chakula. Usimfungue. Atataga, atalea wanawe wa kwanza kwa kula nyama ya mwili wake iliyorusha mbawa asizozihitaji tena, na baada ya wiki tano hivi utaona vibarua wake. Akitunzwa, anaweza kuishi miaka kumi na mitano.

Kissa aliyasoma mara mbili. Shedrack hakuwahi kumwambia neno juu ya sisimizi. Miaka sita walitenganishwa na pazia, na kumbe mtu alikuwa na mipango ya miaka kumi na mitano.

Haidar, wakala wa mizigo kutoka Unguja ambaye ofisi yake ilikuwa ukuta mmoja na chumba cha Kissa, aliletewa tyubu aione. Akaishika kwa ncha za vidole.

“Kwetu hawa tunawamwagia mafuta ya taa, dada Kissa. Huku wanawekewa oda.”

Kissa akamwambia kwamba hiyo ndiyo oda ya mwisho ya mdogo wake, na kwamba haitafia mikononi mwake. Haidar akairudisha tyubu taratibu, akaomba radhi kwa malkia.

Tatizo ni kwamba mtu aliyepewa kazi ya kutofungua alikuwa Kissa. Kwa miaka kumi na saba mjini Guangzhou, China, kufungua ndiko kulikomweka. Wanunuzi wa Mbeya na Dar es Salaam wasioweza kusafiri humtuma yeye kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian na ya Guangyuan Xilu, akague mzigo kabla robota halijashonwa. Wenye maduka wakikuonyesha sampuli nzuri, yeye huomba robota lililo chini kabisa, la nyuma kabisa, na kulifumua hapohapo, huku wachukuzi na vikokoteni vyao wamejaa ujiani wakimlaani kwa lugha nne. Aliwahi kufumua robota la soksi za watoto wachanga, akazihesabu moja moja, akakuta za mguu mmoja zimezidi. Wenzake wa mtaa wa Xiaobei walimwita Mama Fungua. Akimaliza, hutuma ripoti ya sauti, ileile kila siku: “Mzigo nimeuona kwa macho yangu. Uko kama sampuli.” Watu huko nyumbani walikuwa tayari kuapa juu ya sentensi hiyo.

Kuna sanduku moja tu ambalo Kissa hakulifungua.

Mwezi wa Februari, viwanda vilipofunguliwa baada ya mwaka mpya wa Wachina, alikuwa mji wa jirani akisimamia kontena la jinzi. Shedrack alikuwa na wiki moja akilalamika kichwa. Hospitali ikapiga simu: mdogo wako ameanguka, kuna damu kwenye ubongo, apasuliwe au asipasuliwe? Kissa alikubali kwa simu, amesimama kwenye uwanja wa kiwanda, huku mkono wa pili ukiendelea kuhesabu maboksi. Akapanda treni ya kwanza. Alipofika, Shedrack hakuwepo tena, na yaliyofuata yalikuwa karatasi. Siku ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani, mtu wa kampuni ya mazishi, kijana mpole mwenye glavu nyeupe, alimwonyesha sanduku lililokwisha kufungwa, akamuuliza kama angependa lifunguliwe kabla hajasaini. Mama Fungua, aliyehesabu soksi za vichanga, akasema haina haja. Akasaini.

Kisha akampigia mama yake Tukuyu. Mama aliuliza jambo moja: “Umemwona?” Na Kissa, kwa mdomo uliokwisha kuzoea, akajibu kwamba amemwona kwa macho yake, yuko kama alivyokuwa, kama amelala.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mama aliuliza tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, kila akitoka kanisani, na ripoti ikawa inanenepa. Nywele zake zilezile ndefu, Mama, wamezichana. Ndevu zake. Alikuwa kama anataka kucheka. Alichokuwa akikieleza kilikuwa Shedrack wa Desemba, aliyekaa kitandani akimenya chungwa; hakuwa na mwingine wa kumweleza. Mama alisikiliza bila kuingilia, akashukuru, akakata simu. Na kila baada ya simu ile Kissa aliona sanduku lile likisogea karibu zaidi, mpaka ikawa mvua ikipiga dirisha yeye husikia mtu anagonga ubao kwa ndani, kwa adabu, kama anayejua kwamba aliyeko nje ana shughuli.

Kwa hiyo malkia alipofika, Kissa alimfungua. Alimchungulia asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni akirudi, na mara moja katikati ya usiku kwa tochi. Siku ya tatu aliona mayai, chembe nyeupe kama chumvi, na malkia ameyakumbatia. Siku ya tano yalikuwa mengi zaidi. Aliyahesabu, ndiyo kazi yake. Siku ya kumi alipofunua kitambaa alichomfunikia hapakuwa na yai hata moja, na malkia alikuwa amesimama peke yake, tumbo limemjaa.

Alimwandikia muuzaji kwa simu ya Shedrack. Jibu lilikuja upesi, bila lawama.

“Ameyala, kaka. Ukimmulika anadhani pahali pamevamiwa. Hajui kwamba wewe unampenda. Mwache, atataga tena. Lakini usimwangalie.”

Kissa alifanya anachojua kufanya. Aliweka tyubu ndani ya kiatu cha kazi cha Shedrack, kiatu ndani ya boksi, akalizungushia boksi utepe wa kufungia mizigo, akampelekea Haidar aweke saini yake juu ya utepe, nusu kwenye utepe na nusu kwenye boksi, kama inavyofanywa kwa mzigo wa thamani ili mtu akiufungua njiani ijulikane. Haidar alitia saini kwa wino mwekundu na tarehe, akauliza kama malkia anakwenda kwa meli au kwa ndege. Wiki tano, Kissa akasema. Nikilifungua kabla, niaibishe mbele za watu.

Boksi likawekwa chini ya kitanda upande wa pili wa pazia. Kengele ikaendelea kulia alfajiri. Kissa akawa analala kati ya vitu viwili vilivyofungwa, kimoja hapa na kingine Tukuyu, na hakuna hata kimoja alichojua kina nini.

Kule Tukuyu kiangazi kilikuwa kimeingia, wakati wa kujengea makaburi. Mjomba Abednego alikwisha kununua saruji na vigae vya rangi ya samawati, akatafuta mafundi wawili. Jumapili ya kwanza ya Julai mama alipiga mwenyewe, na hakuuliza swali lake.

“Mafundi walikuja,” alisema. “Nimewarudisha. Siwezi kumjengea mtu nisiyemjua.”

Kissa akauliza mtu gani asiyemjua. Mama akasema sadaka ya pili imeanza, akakata.

Wiki ile Kissa alifanya kazi vibaya. Mjomba alituma ujumbe kwamba mama haendi tena makaburini, kwamba akipita njia ile hugeuza uso, kwamba jioni huweka sahani ya pili mezani. Amwambie mama yake maneno ya maana, mjomba alisema, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona marehemu. Mwaka mzima ukipita kaburi ni udongo mtupu, na mvua za kule zikianza, hata alama haitabaki.

Siku ya Alhamisi alikuwa Zhanqian, ghorofa ya tatu, akigombana na mwenye duka la magauni. Sampuli ilikuwa na bitana. Yaliyomo kwenye robota hayakuwa nayo. Laoban yule, yaani mwenye duka, mama mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, hakukana. Alisema alikuwa na sampuli moja tu, ya mwaka jana, na kwamba mtu akimuuliza gauni likoje angemwonyesha nini kingine? Kissa alikuwa amekwisha kufungua mdomo amjibu. Akaufunga. Akamwachia magauni yake, akaenda kwenye ngazi za dharura, mahali wachukuzi wanapokaa kuvuta sigara, akampigia mama yake. Tukuyu ilikuwa saa tatu asubuhi. Jogoo mmoja alikuwa bado hajaridhika.

“Mama, sikufungua.”

“Nini?”

“Sanduku. Waliniuliza, nikasema haina haja. Nilisaini tu.”

Jogoo akawika mara mbili.

“Na nywele?”

“Nilisema tu, Mama.”

“Na kama anataka kucheka?”

“Nilisema tu.”

Kissa aliitazama simu kuona kama imekatika. Sauti ya mama ilipokuja ilikuwa tulivu, kama anayesimulia habari za jirani.

“Mimi nilifungua. Wanaume walikuwa makaburini wanachimba. Nilichukua bisibisi ya Abednego, na ndani kuna bati, nikalikata kwa kisu cha jikoni. Nikakuta mtu kipara. Uso umejaa, macho yamezama, ana mshono kutoka hapa mpaka huku nyuma. Nikajiambia, Kissa kamwona mwanangu yuko kama alivyokuwa, kama amelala. Huyu si wake. Huko wamechanganya watu. Nikafunga.”

“Walimnyoa, Mama. Kabla ya kupasua kichwa wanakunyoa.”

“Mguu niliutazama. Kile kidole alichojikata na jembe, kilikuwepo. Nikasema, watu hufanana.” Akapumua. “Nilikuamini wewe kuliko kidole.”

Kissa akakaa kwenye ngazi. Mchukuzi mmoja alimsogezea kipande cha boksi asichafue sketi.

“Nimemlilia mtoto wa watu toka mwezi wa tatu,” mama alisema, “kwa kuwa mama yake hayuko hapa kumlilia. Na wangu nilikuwa namngoja. Nilikuwa nauliza kila Jumapili ili siku moja useme kipara.”

“Nisamehe, Mama.”

Mama alisema mafundi wako Kiwira, kwenye nyumba ya mwalimu, watapatikana. Alisema vigae vya samawati ni vya mabafuni, lakini ndivyo Abednego alivyonunua. Kisha akasema, si kwa Kissa hasa, “Basi ni yeye,” na hapo ndipo Kissa aliposikia kilio ambacho hakukisikia mwezi wa Machi, na kile cha mwezi wa Machi, sasa alielewa, kilikuwa cha mtu mwingine.

Wiki tano zilipotimia alimwita Haidar ashuhudie. Saini ilikuwa nzima, wino haujapasuka. Haidar alikata utepe mwenyewe, akatoa kiatu, akamwachia Kissa tyubu. Waliiangalia kwa taa ya simu iliyofunikwa plastiki nyekundu, kwa sababu muuzaji alisema rangi hiyo hawaioni.

Malkia alikuwepo, amekonda. Kumzunguka walikuwa vibarua, wadogo ajabu, rangi ya chai ya maziwa, wanakwenda na kurudi kama wamechelewa mahali. Kissa aliwahesabu mara mbili. Watano. Wa sita alikuwa amelala ubavu mwisho kabisa wa tyubu, mbali na mayai, na wenzake walikuwa wamekwisha kumpeleka huko.

“Wana siku mbili duniani,” Haidar alisema, “na makaburi tayari wanayo.”

Simu ya Shedrack ilikuwa inauliza, kwa mara ya tatu, kama mteja ameipokea bidhaa na iko katika hali gani. Kissa akaandika: Nimeiona kwa macho yangu. Malkia hai. Vibarua watano hai, mmoja amekufa. Haifanani na picha ya dukani. Akatuma.

Muuzaji alijibu papo hapo, akimpongeza kaka Shedrack kwa kazi nzuri. Alisema sasa waanze kupewa tone la asali, na kwamba kaka asikate tamaa kwa huyo mmoja. Vibarua huishi muda mfupi, mwenyewe yupo kwa miaka mingi, mradi mtunzaji awe mtu wa kukaa mahali pamoja. Je, kaka ni mtu wa safari?

Kissa akajibu, kwa jina la marehemu, kwamba hapana, hana safari tena.