Mvuke Nyuma ya Mikalitusi

Mdogo wangu wa kiume alipofariki, tulipekua nyumba nzima tukitafuta picha yake na hatukupata hata moja ya maana. Mimi ndiye mpiga picha wa familia. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa na kibanda pembeni mwa soko la Jericho hapa Nairobi, napiga picha za pasipoti, nafunika vyeti kwa plastiki, lakini kazi kubwa ni vijitabu vya mazishi vyenye picha na wasifu wa marehemu. Watu huniletea marehemu wao akiwa amebanwa katikati ya umati kwenye harusi ya jirani. Mimi humtoa pale, nikaufuta mkono wa mtu uliokuwa begani mwake, nikamwekea anga la buluu nyuma. Kazi hiyo nimewafanyia watu wengi nisioweza kuwahesabu. Mdogo wangu alikuwa akipita hapo kibandani karibu kila jioni akitoka kwenye vibarua vyake viwandani, Industrial Area, anakaa kwenye kiti cha wateja, anavua viatu, na sikuwahi hata siku moja kumwelekezea kamera.

Aliugua kifua Jumatatu. Alhamisi alikuwa hayupo.

Tukatumia picha ya kitambulisho. Nilivyoikuza ndivyo uso wake ulivyozidi kuharibika, mpaka akaonekana kama mtu aliyekamatwa na hajui kosa lake. Mama aliishika fremu ile mapajani safari yote ya kwenda kuzika kwetu magharibi. Tulipokuwa tumeshapita Nakuru akaniambia, bila kunigeukia, "Huyu si yeye."

Tuliporudi Nairobi nilifungua kibanda kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Kamera niliiweka rafu ya juu. Mtu akija na picha za marehemu wake nilimwambia mashine imeharibika, akaenda kwa jirani yangu. Nilikaa hivyo majuma kadhaa, nikiangalia nje kupitia dirisha dogo, na nje pia sikuona kitu.

Asubuhi moja alikuja mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli, amebeba mfuko wa karatasi.

"Niaje, siz," akanisalimu. "Pole sana. Mimi na mdogo wako tulikuwa tunatembea pamoja kwenda job. Hizi aliziacha kule."

Ndani ya mfuko kulikuwa na glavu mbili za kazi na kofia ya sufu. Nikamkaribisha akae. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua, na ili asinyamaze akaanza kunieleza habari za njia yao. Walipita mtaa wa Kaloleni, wakavuka reli, wakafuata ukuta wa kiwanda kimoja cha sabuni mpaka kwenye lango wanapochaguliwa vibarua. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na mikalitusi mitatu, na nyuma ya mikalitusi bomba la kutoa mvuke.

"Hapo lazima angesimama," akasema. "Jua likitoka, linapita kwa ule mvuke, linakatika-katika kama vitambaa. Ananiambia, 'Ngoja kidogo, budaa.' Mimi najua tukichelewa hatutachukuliwa. Mwanzoni nilifikiri anaomba. Nikamuuliza, akasema, 'Zii, siombi, naangalia tu.'"

"Kila siku?"

"Kila siku yenye jua."

Alipoondoka nilifunga mlango nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kilichoniliza hasa sijui hadi leo. Pengine ni kwamba ndugu yangu alikuwa na jicho, nami ndiye niliyejiita mpiga picha.

Kesho yake nikashusha kamera, nikaifuta vumbi, nikatoka alfajiri. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi haina jua. Nilisimama mbele ya ile mikalitusi na sikuona vitambaa vyovyote. Mvuke ulipanda ukachanganyika na mawingu, kijivu juu ya kijivu, na harufu ya sabuni ikanikaa kooni. Mlinzi akatoka langoni.

"Mama, hapa hakupigwi picha."

"Napiga miti."

"Miti iko Uhuru Park. Nenda huko."

Yule rafiki wa mdogo wangu alikuwa kwenye kundi la vibarua. Akaja, akamvuta mlinzi pembeni, wakasemezana. Mlinzi akanitazama tena, safari hii kwa namna nyingine, akainua kofia yake kidogo. "Nilikuwa namjua," akasema. "Simama ng'ambo ya barabara, usipige lango."

Nikawa nasimama ng'ambo ya barabara. Siku ya pili, ya tatu, juma la pili. Jua halikutoka. Vidole viliganda kwenye kamera, na nilijiambia kila asubuhi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Lakini mtu hawezi kusimama mahali pamoja muda wote huo akiwa na kamera asiitumie. Nilianza kwa kupiga ukuta, jinsi unyevu ulivyouchora. Nikapiga nguo za watoto zilizoachwa kwenye kamba huko Kaloleni, zimelowa umande mpaka zikawa nzito. Nikapiga dimbwi lililokuwa na rangi za mafuta, na mwanamke anayeuza uji akifunua sufuria, uso wake umepotea ndani ya mvuke. Nikapiga wanaume wakivuka reli, migongo tu, kwa sababu niliona haya kupiga nyuso zao wakiwa wanakwenda kuomba kazi.

Sikuwa nimewahi kupiga picha namna hiyo. Kwenye kibanda mimi ndiye ninayemwambia mtu inua kidevu, geuka, tulia. Huku nje hakuna aliyenisikiliza. Mwanga ulikuja ulivyotaka, na mimi ndiye niliyepaswa kutulia. Jioni nilizitazama picha zile kwenye kompyuta nikiwa na huzuni ileile, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Jua lilitoka mara moja tu, mwanzoni mwa Agosti. Halikudumu hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwanga ulipenya katikati ya mikalitusi ukakatika-katika juu ya mvuke, kama nilivyoambiwa. Yule rafiki hakuwepo siku hiyo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ngoja kidogo. Nikapiga picha ishirini hivi, halafu mawingu yakaziba.

Nilizichapisha picha zote, za jua na za kabla ya jua, nikampelekea Mama Jumapili baada ya kanisa. Nikamweleza habari ya vitambaa vya mwanga. Akachukua picha moja ya jua, akaiangalia kwa heshima, akaiweka chini.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mwanangu simwoni humo."

Iliniuma, sitasema uongo. Akaendelea kufunua nyingine polepole, akilowesha kidole. Alipofika kwenye ile ya wanaume wakivuka reli akasimama. Aliisogeza karibu na dirisha. Kulikuwa na migongo kama minane, na mmoja upande wa kushoto umeinama kidogo, bega moja chini kuliko lingine, mkono mmoja umeingizwa mfukoni.

"Huyu ni nani?"

"Simjui, Mama. Ni mtu tu alikuwa anapita."

"Anatembea kama yeye."

"Nikitaka naweza kumtafuta. Hupita pale kila asubuhi."

"Usimtafute," akasema upesi. "Akigeuka atakuwa mtu mwingine."

Aliondoka nayo chumbani kwake. Zile nyingine nilizikusanya mwenyewe.

Mikalitusi ile ilikatwa kabla ya Krismasi, sijui kwa amri ya nani, na sasa mvuke unapanda peke yake. Kazi ya vijitabu nimeirudia, kwa sababu watu hawajaacha kufa. Lakini familia ikija siku hizi nawauliza kwanza marehemu alipenda kusimama wapi. Wengi hunishangaa. Mmoja alikasirika, akasema hakuja hapo kuulizwa maswali, akachukua picha zake akaenda. Juzi mzee mmoja alisema mke wake alipenda kukaa kwenye ngazi za nyuma akichambua sukuma wiki. Nikachukua kamera, nikamwomba anionyeshe ngazi hizo. Tukaenda wote wawili kwa miguu, yeye mbele, na mvua ya rasharasha ikaanza kabla hatujafika.