Kidole cha Wino

Juzi, shuleni kwa binti yangu hapa Saint-Josse, ughaibuni tulikohamia, niliona sanduku la kura, na harufu ya wino ikanirudia puani.

Mchana ule wa utotoni mwangu, wakazi waliulizwa kama pesa za komini, yaani serikali ya mtaa, zijenge upya kantini ya shule yetu. Maman alitumbukiza karatasi yake, kisha akamnyooshea kidole bwana wa mezani. Yule bwana akamtazama tu.

“Umuulize, wino iko wapi?” maman akaniambia.

Kwao Bukavu, aliyepiga kura hutoka na kidole kilichochovywa wino. Hapa haukuwepo. Nilidhani wameikataa kura yake, nikaanza kulia. Yeye akachukua kalamu yangu, akakipaka kidole mwenyewe, akapita duka kwa duka akikionyesha.

“Miye nilisha piga. Na weye, alors?”

Watu walicheka, wakarudia chai yao.

Jioni jirani alituletea habari: waliojitokeza walikuwa wachache mno, kwa hiyo masanduku hayatafunguliwa. Leo naijua sheria hiyo. Siku ile nilipigwa na bumbuwazi.

“Hata ile yangu?” maman aliuliza.

“Hata yako.”

Maman aliosha vyombo huku amekiinua kidole kile, kisiguse maji.