Aliyekataa Sinia ya Mama Mwanakhamis

Nilikuwa katikati ya Baba Yetu mlango ulipogongwa kwa kishindo.

Nikajua leo ndiyo leo.

Ngojeni nianze mwanzo. Mwaka wa 2016 nilikuwa kadama, mfanyakazi wa ndani, mtaa wa Al-Safa hapa Jeddah. Ijumaa, madam akinipa ruhusa, mimi na rafiki yangu Fridah tulikimbilia kwa Mama Mwanakhamis, Mzanzibari aliyezaliwa huku huku. Mwislamu wa swala tano, lakini alituachia chumba cha nyuma tuombe kwa sauti ya chini. Kisha sote tunakula pilau, sinia moja.

Halafu akaja Zeinab, Mkenya mwenzetu kutoka Riyadh, akiomba mahali pa kulala.

Siku ya kwanza tu: "Mimi sili sinia moja na makafiri."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akasema. "Mvumilieni, atazoea."

Tukahamishiwa jikoni na sahani zetu. Iliniuma, nikameza.

Ijumaa iliyofuata hakutaka hata tuombe.

"Mkiendelea naita polisi. Mtajua hamjui!"

Mama akaingia jikoni bila kumkemea. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Huku ibada yetu ya Kikristo hairuhusiwi; nikikamatwa narudishwa nyumbani mikono mitupu, na Kakamega nina mtoto ananitegemea.

Sasa leo, Ijumaa nyingine tukiomba kwa kujificha, kishindo mlangoni.

"Ameita kweli!" Fridah akanong'ona.

Mara mtu akaingia chumbani mbio, akajibanza nyuma yangu, akang'ang'ania abaya yangu.

Zeinab!

"Rosy, dada yangu, usiseme niko hapa! Nilitoroka kwa kafili wangu, mwajiri aliyenileta, Riyadh, kule Al-Malqa. Sina ikama, sina kibali cha kukaa huku!"

Moyo wake niliusikia ukidunda mgongoni mwangu.

Mama akafungua. Alikuwa mpwa wake Hamdun, amegonga kwa teke kwa sababu mikono imejaa soda.

Fridah akatoa simu. "Kumbe! Sasa ni zamu yetu. Niwapigie polisi?"

Nisiwadanganye, nilitamani aseme "alo".

"Hapigiwi mtu polisi hapa," Mama akasema, akitua sinia ya pilau. "Nilokosea ni mie. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Zeinab, amini utakavyo. Lakini hulali kwangu huku ukiwatisha wageni wangu. Sinia hii, au mlango ule."

Zeinab akautazama mlango. Huko nje hakuwa na mtu.

Akaketi. Nikamsogezea nafasi.

Kabla hajachota tonge, Mama akamnyooshea kiganja.

"Na simu pia, mwanangu."

Zeinab akaitoa simu yake polepole. Ndipo pumzi ikanirudia.

Jamani, mvumilie mtu hata kama hakupendi. Lakini akishika fimbo ya kukufukuza, mnyang'anye fimbo kwanza. Chakula mpe baadaye.